Kongwa (Dodoma): kwa nini mji ulikaa pale, na mabaki ya reli ya karanga yanafuatwa vipi?

Ramani_Mkononi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Naandaa ziara ya siku moja ya wanafunzi 40 wa kidato cha tatu, historia na jiografia kwa pamoja. Tunatoka Dodoma mjini kwenda Kongwa na kurudi jioni. Vitabu vingi vya shule vinaupitia mpango wa karanga (mashamba makubwa ya mashine ya Waingereza) kwa mistari mitatu: Waingereza walikuja 1947, wakashindwa, wakaondoka. Hiyo haitoshi kumpandisha mtoto kwenye basi.

Naomba wenye kuijua Kongwa wanisaidie. Kwanza, kwa nini walichagua pale? Pili, kilichoushinda mpango ni mvua, udongo au mashine? Tatu, ile reli ya karanga ya kutoka stesheni ya Msagali bado inaonekana ardhini, na nitaitambuaje nisije nikawaonyesha watoto barabara ya zamani nikaiita reli? Nne, kambi ya wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika ilihusianaje na majengo ya karanga? Nahitaji pia jaribio moja la vitendo, lisilo la maabara.

---

Mnyika

Mwalimu, anza na mahali penyewe, karanga zitafuata.

Mji wa Kongwa umeegemea upande wa kaskazini wa milima ya Kiboriani. Mpwapwa iko ng'ambo ya kusini ya milima hiyohiyo. Ukisimama mjini ukatazama kusini unaona ukuta wa milima. Ukigeuka kaskazini ni tambarare inayokwenda mpaka Kiteto. Karibu kila jambo lililotokea Kongwa limetokana na huo mpaka kati ya mlima na nyika: maji yako mlimani, ardhi pana iko nyikani.

Usiwaambie wanafunzi kwamba Kongwa ilizaliwa 1947. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, kwa sababu Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa kwenye njia ya misafara ya pwani na bara, na kazi yao ikavuka mlima hadi Kongwa. Chuo cha theolojia cha Mtakatifu Filipo kilichopo Kongwa ni mzizi wa huko. Wagogo nao walikuwapo, wana ng'ombe, wanalima uwele na mtama. Mazao hayo yanavumilia jua linapokatiza mvua katikati ya msimu.

Sasa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipeleka wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe wa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ule ulizunguka wiki 9 tu, na sehemu kubwa ya ardhi waliiona kutoka kwenye ndege. Ukiwa juu, nyika ya Kongwa ni kichaka kisicho na watu. Ila watu hawakuwapo kwa sababu maji hayakuwapo, na hilo halionekani kutoka hewani.

Sababu ya pili ni Reli ya Kati, iliyokuwa imefika Dodoma tangu 1910 na inapita kusini ya pale. Kwa mpangaji aliyekaa London, ardhi "tupu" karibu na reli ndiyo ardhi nzuri.

Mpe mwanafunzi hesabu hii aifanye kwenye basi. Mpango ulikuwa wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000: Tanganyika 80, Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) 17, Kenya 10. Ekari 30,000 ni kama kilomita 11 kwa 11. Jumla ni ekari milioni 3.21, yaani kilomita za mraba 13,000 hivi. Wilaya nzima ya Kongwa ni kama kilomita za mraba 4,000. Kwa mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara iliyoandikwa ni zaidi ya pauni milioni 36.

---

Jembe la Mkono

Mimi nijibu la pili. Mvua, udongo na mashine vyote vilihusika, ila vilishikana kwa namna ambayo ukivitenganisha hutaelewa.

Kongwa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka ni milimita 500 hivi. Mwaka mbaya inashuka, mwaka mzuri inapanda. Ukitazama jumla, karanga zinaweza kuishi nayo. Tatizo ni mgawanyo. Mara nyingi Februari mvua inakata kwa wiki mbili au tatu. Karanga iliyopandwa katikati ya Desemba, Februari ndipo inapozamisha vikonyo. Ua la karanga linachanua juu, likishachavushwa linatoa kikonyo kama sindano kinachoshuka kutoboa udongo, na karanga inaumbika huko chini. Udongo ukiwa umekauka, sindano haipiti. Mmea unabaki wa kijani, mkulima anafurahi, siku ya kung'oa anakuta maganda mawili.

Ndipo udongo wa Kongwa unapoingia. Una mchanga mkali wa kwarizi na mfinyanzi kwa pamoja. Ukilowa unateleza. Ukikauka unashikamana kama saruji. Ule mchanga ulikula majembe ya trekta kama msasa, na ule mfinyanzi ulipokauka mwisho wa msimu ulifunga karanga ndani, mashine ya kuvunia ikawa inakata mashina na kuacha mali ardhini. Walijaribu pia alizeti, nayo ikapigwa na ukame. Leo alizeti inalimwa sana Kongwa, lakini kwa mashamba madogo, na mkulima anayejua apande lini na wapi.

Mashine zenyewe: matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, wakanunua mitambo iliyotumika ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Vickers nao wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kichaka kiliangushwa kwa kuvuta mnyororo wa nanga ya meli kati ya matingatinga mawili. Mti unalala, lakini mizizi inabaki, na mizizi ya nyika ndiyo iliyokuwa ikivunja majembe. Kulaza kichaka si kusafisha shamba. Hilo kila mwenye kung'oa visiki kwa sururu analijua.

Jaribio. Yako mawili, fanya yote, hayana gharama.

La kwanza ni la chupa. Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ya lita 1. Chimba sentimita 15 chini, usichukue udongo wa juu wenye majani na samadi. Ponda mabonge, chekecha mawe, jaza theluthi moja ya chupa. Ongeza maji mpaka zibaki sentimita 5, tia kijiko cha chai cha sabuni ya unga, tikisa dakika 5 kamili. Weka mahali tulivu. Mchanga unatua ndani ya dakika moja: piga mstari kwa kalamu. Baada ya saa 2 piga mstari wa pili, huo ni udongo laini wa kati. Mfinyanzi unahitaji saa 24 au zaidi. Pima unene wa kila tabaka kwa rula, gawa kwa jumla, zidisha kwa 100. Kosa la kawaida ni kutikisa kidogo: mabonge ya mfinyanzi yanatua pamoja na mchanga, mnaondoka mkiamini udongo ni wa kichanga. Kosa la pili ni kubeba chupa kwenye basi siku hiyohiyo. Bebeni udongo kwenye mfuko, mkatikise shuleni.

La pili ni la kitonge. Lowesha udongo, finyanga vitonge vitatu vya ukubwa wa limau, anika juani siku 2. Kisha mwanafunzi ajaribu kusukuma msumari wa inchi 4 kwa kidole gumba. Fanya vivyo hivyo na udongo wa kichanga wa kwenye korongo. Kidole kitamweleza kwa nini sindano ya karanga haikupita.

Kama mna muda, wapime mvua kwa hesabu: milimita 1 ni lita 1 kwa mita ya mraba. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita zaidi ya 40,000 kwa ekari. Kisha waulize: kama ardhi imegandamizwa na matingatinga, ngapi zitaingia na ngapi zitakimbilia korongoni?

---

Taruma

Reli. Tawi lilitoka Msagali kwenye Reli ya Kati, likapanda hadi Kongwa, likaendelea hadi Hogoro. Liling'olewa katika miaka ya 1950 mpango ulipokwisha. Kwa hiyo msitegemee kuona chuma. Mnachotafuta ni umbo la ardhi.

Tofauti ya tuta la reli na barabara ya zamani ni hii: treni haipandi mlima mkali na haikati kona ya ghafla. Ukikuta njia inayozunguka kilima kwa mkunjo mpana, inapita juu ya tuta kwenye bonde na inakata ardhi kwenye mwinuko ili ibaki karibu sawa, hiyo ni reli. Barabara ya zamani ya gari inashuka bondeni na kupanda tena bila aibu. Alama ya pili ni makalavati, yaani njia za zege za kupitisha maji chini ya tuta. Kila mahali tuta lilipovuka korongo paliwekwa kalavati, na zege halisombwi kirahisi kama chuma kinachouzwa skrepa.

Fanya kazi ya mezani kabla ya safari. Fungua picha za setilaiti, anzia stesheni ya Msagali, fuata kuelekea Kongwa. Chagua picha za Septemba au Oktoba. Za Machi zote ni kijani, tuta linapotea. Tafuta mstari usiofuata mipaka ya mashamba, mara nyingi una safu ya vichaka kwa sababu tuta halilimwi. Linganisha na karatasi ya ramani ya 1:50,000 ya Idara ya Upimaji na Ramani. Weka alama tatu zenye majira ya nukta (namba za latitudo na longitudo), moja iwe karibu na barabara ili basi lisimame. Msizifuate zote tatu, siku haitoshi.

Jambo moja wanafunzi wasikose: tawi lile lilitegemea njia kuu, na njia kuu ina kidonda chake kati ya Kilosa na Gulwe, kwenye mabonde ya Mkondoa na Kinyasungwe. Mafuriko yaliisumbua wakati wa karanga, na mwishoni mwa 2009 hadi Januari 2010 yaliisomba tena mpaka treni za Reli ya Kati zikasimama. Mto ni uleule. Kinyasungwe kiangazi ni mchanga mtupu, watu wanachimba visima humo, halafu mvua ikinyesha juu unashuka kwa hasira. Mzigo wote wa Kongwa, kuanzia trekta hadi skrubu, ulipaswa kupita hapo kwa njia moja.

---

Kisamvu_Karanga

Ninaongezea kidogo kwa Jembe la Mkono, maana watu wakisoma hayo wanatoka na imani kwamba karanga hazioti Kongwa. Zinaota na zinalimwa. Kilichoshindwa ni shamba la kilomita 11 kwa 11.

Mkulima mdogo anachagua kipande chepesi, anapanda na mvua ya kwanza ya maana, anatumia mbegu ya muda mfupi kama Pendo, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100. Nafasi ni sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashina, punje moja kila shimo, kina sentimita 5. Hiyo ni miche 80,000 kwa ekari, sawa na kilo 30 hadi 40 za punje zilizobanguliwa. Palizi ya pili imalizike kabla vikonyo havijashuka. Ukipitisha jembe baada ya hapo unavikata mwenyewe. Kung'oa ni mara tu baada ya mvua, ardhi ikiwa bado laini. Ukichelewa, unarudi kulekule kwa Shervick.

La hatari zaidi ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa mazao. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa nafaka. Karanga nazo zinashambuliwa, hasa zilizopata ukame mwishoni zikapasuka maganda. Anika juu ya turubai au kichanja, usianike ardhini, wala usinyunyizie maji ili zibanguke upesi. Chagua na utupe zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, usiwape kuku.

---

Stesheni_Kuu

La nne, kambi.

Mpango ulipokufa yalibaki majengo, njia na ardhi iliyofyekwa. Palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, nayo ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wanafunzi wakahamishiwa Iringa kwenye shule ambayo majengo yake leo ni chuo cha elimu cha Mkwawa. Sehemu ya ardhi ikawa ufugaji. Ranchi ya Kongwa iliyo chini ya NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi, ina hekta 38,000 hivi. Na kuna kituo cha utafiti wa malisho kinachozalisha mbegu za nyasi za Cenchrus, kwa sababu nyasi hizo zinastahimili ukame huohuo uliochoma karanga.

Mwaka 1964 serikali ya Tanganyika, baadaye Tanzania, ilivipa vyama vya ukombozi eneo Kongwa. FRELIMO ya Msumbiji walikuwapo, na Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, alisimamia mafunzo hapo kabla ya risasi za kwanza za Septemba 25, 1964 huko Cabo Delgado. ANC ya Afrika Kusini walikuja mwaka huohuo, na Chris Hani, baadaye mmoja wa viongozi wa jeshi lao, ni mmoja wa waliopita. SWAPO ya Namibia nao, na kundi lao la kwanza liliondoka Kongwa 1965 kurudi kwao. Ndilo linalohusika na mapambano ya Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, Agosti 26, 1966. MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe pia. Wapiganaji wa mwanzo walitumia jengo la stesheni iliyoachwa ya ile reli ya karanga. Kwa hiyo mwalimu, stesheni moja inakufundishia sura mbili za kitabu.

Tahadhari mbili. Watu wanachanganya Kongwa na Mazimbu. Mazimbu iko Morogoro, ilikuwa shule ya ANC ya SOMAFCO, na ni ya mwisho wa miaka ya 1970. Kongwa ilikuwa kambi ya kijeshi, na ilitangulia. Ya pili: makaburi ya wapigania uhuru yapo, na zipo familia Kongwa zenye damu ya wapiganaji hao. Wanafunzi wasiende kuuliza nyumba kwa nyumba "baba yako alikuwa Mnamibia?" Piga hodi ofisi ya wilaya kwanza, ipo Mnyakongo, upate barua na mtu wa kuwaongoza.

---

Ramani_Mkononi

Shukrani sana wakuu. Nimebakiwa na mawili: nianze wapi ili nisirudie njia, na kuna mfano wa Kongwa ya baada ya ukombozi unaohusu jiografia hiyohiyo? Nataka mada isiishie 1966.

---

Mnyika

Upo, na ni mzuri: vikope. Kongwa ilikuwa na trakoma nyingi mno, ugonjwa wa macho unaokunja kope zikakwaruza mboni hadi mtu apofuke. Inzi, vumbi, ng'ombe karibu na nyumba, na maji ya mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na Watanzania walifanya kazi vijiji vya Kongwa tangu miaka ya 1980. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalipima kampeni ya kuosha uso watoto pamoja na dawa ya tetrasaiklini ya kupaka. Jambo la kijiografia ni hili: mama anayefuata maji saa mbili anayapangia kupika na kunywa kwanza, na uso wa mtoto unakuja mwisho. Ilibidi kumwonyesha kwa vitendo kwamba kikombe kimoja kinaosha nyuso nyingi. Fanyeni hilo na wanafunzi: kikombe chenye tundu dogo chini, nusu lita, mhesabu nyuso.

Njia: tokeni Dodoma saa 12 asubuhi kwa barabara ya Morogoro, mkunje kulia Mbande. Kutoka hapo Kongwa ni kilomita zisizofika 20 za lami. Safari nzima ya kwenda ni kilomita 80 na ushee. Anzeni Mnyakongo kwa barua, kisha kambi na makaburi kabla jua halijawa kali, kisha nukta moja ya tuta. Udongo chimbeni hapohapo kando ya tuta, ila msichimbe kwenye tuta lenyewe maana huo uliletwa na si wa pale. Mkirudi Mbande, kama hamjachoka, endeleeni mbele upande wa Gairo hadi soko la mazao la Kibaigwa. Mahindi mengi pale yanatoka Kiteto na kwingine, yanapita tu Kongwa. Mkiwa na dakika 30 waambieni wanafunzi wasome namba za malori na waulize kila lori limepakia wapi.

Maji ya kunywa bebeni ya kwenu, lita 2 kila mtu.

---

Taruma

Na viatu vilivyofunika mguu. Miiba ya migunga kwenye lile tuta inatoboa kandambili mpaka upande wa pili.